Risasi, Niobiamu na Heliamu: Somo la Umeme Usiokinzwa

Msafiri atokaye Mpanda kwenda Sumbawanga huvuka Mto Katuma pale Sitalike, hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha hufika Kibaoni. Hapo njia hugawanyika. Moja hupanda kuelekea Kizi na nyanda za juu za Ufipa. Nyingine huelekea Usevya na Majimoto, katika nchi ya Wapimbwe, upande wa tambarare za Ziwa Rukwa. Jina la Majimoto halikubuniwa kwa kupamba. Huko maji hutoka ardhini yakiwa ya moto, nayo ni dalili kwamba chini ya Bonde la Ufa miamba ingali inatanuka, kupasuka na kupashwa joto.

Ajabu ni kwamba bonde hili la joto linahusiana na somo la baridi kali kupita zote zilizopata kutengenezwa na binadamu kwa matumizi ya kawaida ya maabara. Katika fizikia ya leo kuna kompyuta za aina mpya, ziitwazo kompyuta za kwanta, ambazo moyo wake ni saketi ndogo za metali zinazopitisha umeme bila ukinzani wowote. Vitu vitatu vimehusika sana katika historia ya saketi hizo: risasi, niobiamu na heliamu. Risasi ilichimbwa Mpanda. Niobiamu inajulikana kuwamo katika Kilima cha Panda, karibu na Mbeya. Na heliamu hububujika pamoja na gesi nyingine katika Bonde la Rukwa lenyewe. Kwa hiyo mwalimu wa Kibaoni anayefundisha umeme kidato cha pili au cha tatu hana haja ya kuagiza mifano kutoka mbali.

Ukinzani na kutoweka kwake

Jaribio la kuanzia ni rahisi. Zichukuliwe betri mbili za tochi, balbu yake, na waya mwembamba wa chuma wenye urefu wa kama mita moja, uliosokotwa kama springi. Vyote viunganishwe katika mzunguko mmoja, mmoja baada ya mwingine. Balbu itawaka. Kisha springi ipashwe moto juu ya jiko la mkaa au taa ya spiriti hadi iwe nyekundu. Mwanga wa balbu utafifia. Springi ikipoa, mwanga utarudi.

Maelezo yake yamo katika vitabu vyote vya shule: elektroni zinazopita katika metali hugongana na atomu zinazotikisika, na kadiri metali inavyozidi joto ndivyo atomu zinavyozidi kutikisika na kuzuia njia. Lakini mwanafunzi mdadisi atauliza upande wa pili wa jambo hilo. Je, metali ikipozwa, na kupozwa tena, hadi karibu na sifuri kamili, yaani nyuzi 273 za sentigredi chini ya sifuri, ukinzani utakuwaje? Mwanzoni mwa karne ya 20 wanafizikia hawakukubaliana. Wengine walidhani ukinzani utapungua polepole. Wengine walidhani elektroni zenyewe zitaganda na umeme utakoma kabisa.

Jibu lilipatikana Leiden, Uholanzi. Heike Kamerlingh Onnes aliweza kuigeuza heliamu kuwa kimiminika mwaka 1908, na kwa kimiminika hicho, kinachochemka kwenye kelvini 4.2, alipata baridi ambayo hakuna maabara nyingine iliyokuwa nayo. Mwaka 1911 zebaki ilipozwa ndani yake. Ukinzani haukupungua polepole wala haukuongezeka. Karibu na kelvini 4.2 ulitoweka ghafla. Hali hiyo, ambayo hapa inaitwa upitishaji kamili, ilionekana baadaye katika risasi kwenye kelvini 7.2, katika niobiamu kwenye kelvini 9.2 hivi, na katika alumini kwenye kelvini 1.2. Mkondo ukishaanzishwa katika pete ya risasi iliyopozwa hivyo, huendelea kuzunguka bila betri.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa kuwa kuna jambo linalowashangaza wengi. Shaba na fedha, ambazo ni vipitishi bora kuliko vyote katika nyumba zetu za kawaida, hazijapata kuonyesha upitishaji kamili hata kwa baridi kali kiasi gani. Risasi, ambayo ni kipitishi hafifu, huonyesha. Sababu ilijulikana mwaka 1957, pale Bardeen, Cooper na Schrieffer walipoeleza kwamba elektroni, ingawa husukumana kwa kuwa zote zina chaji hasi, zinaweza kushikamana mbili mbili kwa msaada wa mtikisiko wa atomu. Mtikisiko uleule unaoleta ukinzani mkubwa katika joto la kawaida ndio unaofunga jozi katika baridi. Metali ambayo elektroni zake haziguswi sana na atomu hupitisha vizuri, lakini haina cha kuzifungia jozi. Jozi zikishafungwa, zote hutembea kwa mwendo mmoja, kama wimbi moja, na atomu moja moja haina tena nguvu ya kuzitawanya.

Ulimwengu wa ukubwa wa kati

Kanuni za kwanta zilibuniwa kueleza vitu vidogo sana: atomu moja, elektroni moja. Elektroni inaweza kupenya ukuta ambao nishati yake haitoshi kuuruka. Jiwe haliwezi, likirushwa kwenye ukuta wa darasa hurudi. Je, mpaka kati ya elektroni na jiwe uko wapi? Tawi la fizikia linaloshughulika na vitu vya ukubwa wa kati, vikubwa kuliko atomu lakini vidogo kuliko vitu vya kushikwa mkononi, lilikua kutokana na swali hilo.

Mwaka 1962 Brian Josephson, aliyekuwa bado mwanafunzi wa utafiti Cambridge mwenye umri wa miaka 22, alitabiri kwamba vipitishi kamili viwili vikitenganishwa na utando mwembamba wa kihami, jozi za elektroni zitaupenya utando huo bila kuhitaji volteji yoyote. Mwaka uliofuata jambo hilo lilithibitishwa. Kifaa hicho huitwa kiungo cha Josephson. Utando wake una unene wa kama milioni moja au mbili za sehemu za milimita, yaani atomu chache tu.

Hapo ndipo risasi inapoingia. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 1983, kampuni ya IBM ya Marekani ilijaribu kujenga kompyuta ya kawaida, si ya kwanta, kwa viungo vya Josephson vilivyotengenezwa kwa aloi za risasi. Risasi ni rahisi kuyeyushwa na kutandazwa, na upitishaji wake kamili huanza juu ya joto la heliamu ya kimiminika. Lakini ni laini. Kila mara kifaa kilipopozwa na kupashwa tena, tabaka la risasi lilinywea na kutanuka tofauti na silikoni iliyolibeba, likaota vinundu, na utando mwembamba ukapasuka. Niobiamu ni ngumu, nayo haisumbuliwi hivyo. Ndiyo maana vifaa vingi vilivyofuata vilihamia kwenye niobiamu na alumini. Mwalimu wa kemia na yule wa fizikia wanaweza kulifundisha somo hili kwa pamoja: utabiri mzuri wa nadharia ulikwama kwa sababu ya ulaini wa metali.

Hata hivyo risasi haikuondoka bila kutoa ushahidi wake mkubwa. Katika miaka ya 1984 na 1985, John Clarke, Michel Devoret na John Martinis walifanya majaribio huko Berkeley, California, kwa kiungo kimoja ambacho upande mmoja ulikuwa wa niobiamu na upande wa pili aloi ya risasi na indiamu. Kiungo hicho kilikuwa na upana wa kama mikromita 10, mdogo kuliko unene wa unywele, lakini ndani yake mabilioni ya jozi za elektroni zilishiriki. Walionyesha kwamba mkusanyiko huo wote hupenya ukuta wa nishati kana kwamba ni chembe moja, na kwamba nishati yake hupanda kwa vidato, kama atomu, wala si kwa mteremko laini. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2025, miaka 40 baadaye. Saketi ya umeme, kitu kinachochorwa ubaoni kwa betri na waya, ilikuwa imegeuka kuwa atomu ya kutengenezwa kwa mikono.

Bembea na vidato

Kwa nini kiungo cha Josephson ni cha lazima? Saketi yenye koili na kapasita peke yake pia hutikisika, na ikipozwa vya kutosha nayo ina vidato vya nishati. Taabu ni kwamba vidato hivyo viko sawasawa kama matofali ya ngazi. Wimbi la redio linaloipandisha saketi kutoka kidato 0 hadi kidato 1 litaipandisha vilevile kutoka 1 hadi 2, na kutoka 2 hadi 3. Kompyuta ya kwanta inataka vidato viwili tu, 0 na 1, vitumike kama biti. Saketi ikikimbilia juu, hesabu imeharibika.

Pendulo inafafanua jambo hili vizuri kuliko maneno. Ifungwe kamba ya urefu wa mita moja, na mwisho wake jiwe zito lenye umbo la duara. Livutwe kidogo, nyuzi zisizozidi 10, na mabembeo kamili 5 yapimwe kwa saa. Yatachukua karibu sekunde 10. Sasa livutwe hadi nyuzi 60. Kanuni iliyokaririwa darasani inasema muda hautabadilika, lakini saa itasema vingine: mabembeo 5 yatakaribia sekunde 10.7, au pungufu kidogo jiwe likianza kuchoka. Pendulo ikibembea kwa upana huenda polepole zaidi. Kanuni ya kitabu ni ya pembe ndogo tu, na ni vema mwanafunzi ajue hivyo mapema.

Mlinganyo wa kiungo cha Josephson ni uleule wa pendulo. Kwa hiyo katika saketi yenye kiungo hicho, mtikisiko ukiongezeka kasi yake hupungua, na maana yake ni kwamba vidato vya juu vinakaribiana kuliko vya chini. Wimbi la redio lililopimwa sawasawa kwa hatua ya 0 hadi 1 halilingani tena na hatua ya 1 hadi 2. Saketi hubaki na vidato viwili vinavyotawalika. Hiyo ndiyo biti ya kwanta. Tofauti na biti ya kawaida, inaweza kuwekwa katika mchanganyiko wa 0 na 1, na biti nyingi zikiunganishwa mchanganyiko huo huwa mpana mno kiasi kwamba kompyuta ya kawaida haiwezi kuuandika wote.

Biti ya kwanza ya namna hii ilitawaliwa mwaka 1999 na Nakamura, Pashkin na Tsai katika maabara za NEC huko Japani. Hali yake ilidumu nanosekunde chache tu kabla ya kuvurugika. Leo zipo zinazodumu mamia ya mikrosekunde, yaani makumi ya maelfu ya mara zaidi. Desemba 2024 kampuni ya Google ilitangaza kifaa chenye biti 105 ambacho makosa yake yalipungua kadiri biti nyingi zilivyounganishwa kusahihishana. Isidhaniwe kwamba kompyuta hizi zimekwisha kuchukua kazi za ofisini. Zinatazamiwa kufaa katika matatizo machache, hasa hesabu za molekuli na za kufumbua namba za siri, na hata huko safari ingali ndefu.

Hesabu ya baridi

Biti hizi nyingi hutumia mawimbi ya marudio kama 5,000,000,000 kwa sekunde. Nishati ya hatua moja ni zao la namba ya Planck, 6.63 × 10⁻³⁴, na marudio hayo: yaani jouli 3.3 × 10⁻²⁴ hivi. Joto nalo lina nishati yake, ipatikanayo kwa kuzidisha namba ya Boltzmann, 1.38 × 10⁻²³, kwa kelvini. Katika darasa la Kibaoni, kelvini 300, nishati ya joto ni jouli 4.1 × 10⁻²¹, mara 1,250 kuliko hatua ya biti. Ni kama kuandika kwa penseli juu ya meza inayotikiswa na tetemeko. Katika heliamu inayochemka, kelvini 4.2, joto bado linaishinda hatua hiyo mara 17. Ni lazima kushuka hadi kelvini 0.02 au chini yake ndipo hatua ya biti iwe kubwa kuliko joto mara 12, na biti ikatulia kwenye 0 hadi iamriwe kupanda.

Namna ya kushuka huko inafanana na mtungi wa udongo. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu sehemu yake hupenya udongo na kugeuka mvuke, na kila tone linaloondoka huchukua joto. Heliamu ina aina mbili, heliamu-4 iliyo nyingi na heliamu-3 iliyo adimu. Mchanganyiko wake ukipozwa chini ya kelvini 0.87 unaweza kujitenga kama mafuta na maji: juu heliamu-3 karibu tupu, chini heliamu-4 yenye heliamu-3 kidogo, karibu asilimia 6.6 hata baridi inapozidi sana. Heliamu-3 ikivutwa kutoka tabaka la chini, nyingine hushuka kutoka la juu kujaza nafasi, na katika kushuka huchukua joto kama mvuke unavyochukua joto la mtungi. Heinz London alipendekeza njia hiyo mwaka 1951, na jokofu la kwanza la aina hiyo lilifanya kazi Leiden mwaka 1964. Hakuna kitu kingine kinachoweza kushika nafasi ya heliamu hapa, maana vitu vingine vyote vimekwisha kuganda zamani.

Heliamu ya Rukwa

Heliamu ilionekana kwanza katika mwanga wa jua wakati wa kupatwa kwa jua mwaka 1868, kisha Ramsay akaipata duniani mwaka 1895 ndani ya jiwe la uraniamu. Haikuwa bahati. Uraniamu na thoriamu zikioza hutoa chembe za alfa, na kila chembe ya alfa ikishapata elektroni mbili ni atomu ya heliamu. Miamba ya kale ya Tanzania imekuwa ikiitengeneza kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Kwa kawaida hubaki imefungwa mwambani. Bonde la Ufa lilipofunguka, joto la volkano liliipasha miamba hiyo na kuifungulia gesi, ikapanda pamoja na naitrojeni kupitia nyufa. Volkano ikiwa mbali mno, gesi haifunguki. Ikiwa karibu mno, kaboni dayoksaidi nyingi huichanganya hadi ikose thamani. Bonde la Rukwa limeangukia katikati.

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya utafutaji Helium One, walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54 katika bonde hilo. Gesi inayobubujika katika baadhi ya chemchemi zake imepimwa na kukutwa na heliamu hadi karibu asilimia 10. Hewa ya kawaida ina sehemu 5 tu katika milioni. Tofauti hiyo ni karibu mara 20,000. Uchimbaji wa majaribio ulianza mwaka 2021, na mwanzoni mwa 2024 kisima cha Itumbula, upande wa kusini wa bonde, kilileta heliamu juu.

Makadirio na akiba iliyothibitishwa ni mambo mawili, na wanafunzi wazoezwe kuyatenga. Vilevile povu katika maji ya moto haliwi ushahidi wa heliamu. Laweza kuwa naitrojeni au kaboni dayoksaidi, na kipimo ndicho huamua. Tena ikubaliwe wazi kwamba heliamu ya Rukwa karibu yote ni heliamu-4. Heliamu-3 ya majokofu hutokana zaidi na kuoza kwa traitiamu, ambayo nusu yake huisha kila miaka 12.3. Wanunuzi wakubwa wa heliamu-4 ni hospitali zenye mashine za kupiga picha kwa sumaku, ambazo koili zake za niobiamu na titaniamu huogeshwa katika heliamu ya kimiminika, na viwanda vya silikoni. Majokofu ya kompyuta za kwanta huizungusha heliamu ileile, hivyo huhitaji kidogo. Inayoachwa itoroke hupanda angani na hatimaye huiacha dunia. Puto la sherehe likipasuka, heliamu yake haitarudi.

Watu wa Mpanda wamekwisha kuona madini yakienda. Reli ya tawi kutoka Kaliua, kama kilomita 210, ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira Minerals huko Mukwamba. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Risasi, pamoja na shaba na fedha iliyochanganyika nayo, ilikwisha kusafirishwa. Reli ilibaki. Mwaka uliofuata kufungwa kwa mgodi, nchi ilipata uhuru, na mwaka wa pili yake Josephson aliandika utabiri wake. Hapakuwa na mtu Mpanda wa kuambiwa kwamba metali iliyokuwa ikipakiwa mabehewani ilikuwa na tabia hiyo. Sasa shule za sekondari zipo katika bonde lote, na heliamu bado imo ardhini.

Zoezi

Mwanafunzi atafute ni kwa kelvini ngapi nishati ya joto hulingana kabisa na hatua moja ya biti yenye marudio 5,000,000,000 kwa sekunde, kisha arudie kwa marudio maradufu. Jibu la kwanza ni kelvini 0.24. Jibu la pili litamwonyesha iwapo kuongeza marudio kungerahisisha kazi ya jokofu, na aeleze ni kwa nini, hata hivyo, alumini isingeweza kutumika kama jokofu lingeishia kwenye kelvini 2.